Kamera ya Kwanza kwa Harusi za Usiku

BARUA YA MSOMAJI

Kwa mshauri wa safu hii,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Unguja, na jioni ninapiga picha za harusi za jamaa na majirani. Sikuanza kwa kutafuta biashara. Shughuli nyingi za harusi zetu, hasa siku ya kumpamba bibi harusi, ni za wanawake peke yao, mpiga picha mwanamume hawezi kuingia, na akina mama walipoona kwamba picha zangu za simu zinapendeza wakaanza kuniita mmoja baada ya mwingine. Sasa wananilipa, nami naona wana haki ya kupata picha zinazostahili fedha yao. Nimeweka akiba ya shilingi milioni 2 kwa ajili ya kununua kamera ya DSLR, ile yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, ambayo itakuwa kamera yangu ya kwanza.

Kinachonisumbua ni mwanga. Shughuli zetu huanza baada ya Isha, ukumbini au chini ya hema uani, na mara tu bibi harusi anapoingia taa kubwa huzimwa, zikabaki taa za mapambo za buluu, zambarau na nyekundu. Simu yangu hapo hushindwa kabisa. Hivi karibuni mwalimu mwenzangu aliniazima kamera yake ya DSLR yenye lenzi ya 18-55, nikaenda nayo harusini kwa matumaini makubwa. Bibi harusi aliyekaa kwenye kiti chake alitoka vizuri kiasi, viti na maua vilitulia, lakini akina mama waliokuwa wakicheza waligeuka moshi. Nilipofungua maelezo ya picha hizo kwenye kompyuta nilikuta ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 3200, tundu la lenzi la f/5.6 na kasi ya 1/15 ya sekunde. Nilipotumia flashi ya kamera, nyuso zikawa nyeupe zinazong'aa na ukumbi wote nyuma ukawa kiza kitupu. Nilipojaribu kuongeza kasi, baadhi ya picha zikatoka na mistari mipana ya kiza iliyokatiza picha kutoka upande mmoja hadi mwingine, jambo ambalo sikulielewa.

Sasa nina mambo matatu mbele yangu. Duka moja la Kariakoo linaniuzia seti mpya kabisa ya Canon 2000D pamoja na lenzi ya 18-55, lenzi ya 75-300, begi, na stendi ya miguu mitatu. Mjomba wangu, ambaye husafiri kwenda Dubai kwa shughuli zake, anasema anaweza kuniletea kamera kubwa zaidi iliyotumika kwa fedha hiyo hiyo. Na huyo mwalimu mwenzangu ananiambia nisinunue DSLR hata kidogo kwa sababu zimepitwa na wakati. Naomba uniongoze, maana fedha hii nikiipoteza itanichukua muda mrefu kuipata nyingine.

Mwalimu, Unguja

JIBU

Wa alaykum salaam, mwalimu. Nakushukuru kwa barua yako, na zaidi kwa zile tarakimu ulizozinakili kutoka kwenye picha, maana wengi huniandikia kwamba picha zimetoka vibaya bila kueleza ubaya wenyewe ni upi, na hapo mshauri hubaki kubahatisha. Wewe umenipa cha kushika.

Jibu langu kwa ufupi ni kwamba usinunue ile seti. Kwa kazi unayoieleza na kwa fedha uliyonayo, mwombe mjomba akutafutie bodi, yaani kamera bila lenzi, ya Canon 6D iliyotumika lakini ikatunzwa, uiwekee lenzi moja tu ya Canon 50mm f/1.8 STM, na kitakachobaki ukigawe kwenye flashi ya kuweka juu ya kamera, betri ya pili na kadi mbili nzuri za kuhifadhia picha. Ikitokea amepata Nikon D750 iliyo safi kwa bei isiyomaliza akiba yako, hiyo ni bora zaidi, nayo itahitaji lenzi ya Nikon 50mm f/1.8G. Bodi isimeze zaidi ya shilingi milioni 1.3 kati ya zile 2, hata ikikuvutia namna gani.

Nianze na akina mama waliogeuka moshi, kwa sababu jibu lote limo humo. Viti na maua vimetulia, kwa hiyo si mkono wako uliotikisika. Waliosogea ni watu. Kamera ilihitaji 1/15 ya sekunde ili kukusanya mwanga wa kutosha, na mkono wa mtu anayecheza, ukienda kwa mwendo wa mita 1 tu kwa sekunde, husogea karibu sentimita 7 katika muda huo. Hakuna stendi ya miguu mitatu itakayozuia jambo hilo, wala lenzi yenye kituliza mtikisiko, ile inayoandikwa IS kwenye Canon na VR kwenye Nikon, kwa kuwa vyote viwili vinatuliza kamera na haviwezi kumtuliza anayecheza. Dawa pekee ni kufupisha muda. Kwenye 1/250 ya sekunde mkono ule ule husogea milimita 4, na hapo picha inakuwa kali vya kutosha, huku kitambaa cha kanga kikibaki na uhai wake.

Sasa, ukifupisha muda lazima mwanga uliopungua ufidiwe mahali pengine, na mahali pa kwanza pa kuufidia ni kwenye lenzi. Ile namba inayofuata herufi f ni urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake, uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu lake, ndiyo maana namba ndogo huwa na tundu kubwa. Lenzi ya 18-55 uliyoazima ina tundu la f/3.5 inapotazama kwa upana, lakini ukivuta picha karibu hufungika hadi f/5.6, na hapo ndipo ulipokuwa. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga takriban mara 9.7 zaidi ya f/5.6. Chukua picha yako ile ile, na ISO ile ile ya 3200, badilisha lenzi tu, na 1/15 inakuwa karibu 1/145 ya sekunde. Panda hadi ISO 6400 na unafika karibu 1/290, yaani umeshavuka kasi unayoihitaji kwa ngoma. Mabadiliko makubwa kuliko yote katika picha zako yatatokana na lenzi ambayo ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa katika orodha za Canon na Nikon, na inaniuma kila ninapoona msomaji amemaliza akiba kwenye bodi na kubaki na lenzi ya kufungulia boksi.

Kwa mizani hiyo hiyo itazame ile lenzi ya 75-300 ya kwenye seti. Tundu lake huanzia f/4 na kuishia f/5.6, na kadiri lenzi inavyokuwa ndefu ndivyo mtikisiko mdogo wa mkono unavyoonekana mkubwa. Ni lenzi ya mchana, ya uwanja wa mpira au ya ndege mitini. Ndani ya ukumbi baada ya Isha haitakufaa hata mara moja, na begi na stendi vimewekwa ili seti ionekane imejaa.

Kuhusu bodi yenyewe, usihangaike na megapikseli. 2000D ina megapikseli 24.1 na 6D ina 20.2, na bado usiku 6D inaiacha mbali. Sababu ni ukubwa wa sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Sensa ya 6D na D750 ni ya milimita 36 kwa 24, sawa na kipande cha filamu ya zamani, ilhali ile ya 2000D ni milimita 22.3 kwa 14.9. Eneo la kwanza ni kama mara 2.6 ya lile la pili, kwa hiyo kwa lenzi yenye f ile ile na kasi ile ile sensa kubwa hukusanya jumla kubwa zaidi ya mwanga, na chenga tunazoziona kwenye picha za usiku hutokana hasa na uchache wa mwanga uliokusanywa. Ukisikia muuzaji anasifu kamera kwa ISO kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, muulize picha inaonekanaje kwenye ISO hiyo, kwa maana kamera yoyote inaweza kuandikiwa namba. Picha ya 6D kwenye ISO 6400 unaweza kuichapisha kwa ukubwa wa albamu na kumkabidhi mteja bila wasiwasi.

Kuna jambo ambalo barua yako haikuligusa, nalo litakukuta usiku wa kwanza: fokasi. Kamera inahitaji kuona tofauti ya mwanga na kivuli ili ilenge, na taa zikizimwa kamera nyingi za bei ya chini huzunguka mbele na nyuma bila kushika kitu. Hapa 6D, ingawa ilitangazwa mwaka 2012, ina sifa ambayo wapiga picha wa harusi waliipenda sana. Nukta yake ya fokasi ya katikati inaweza kulenga hadi kiwango cha EV -3, kipimo cha mwanga ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo giza linavyozidi, na hicho kinakaribiana na mwanga wa mbalamwezi. Lakini ni ya katikati tu. Zile nukta nyingine kumi za pembeni ni dhaifu gizani, kwa hiyo jizoeze kuiweka kamera kwenye nukta ya katikati, kulenga jicho la bibi harusi, kisha kusogeza kamera kidogo ili kupanga picha. D750, iliyotoka mwaka 2014, nayo hulenga hadi EV -3 na ina nukta 51, ndiyo maana nimesema ikipatikana uichukue. Mjomba anaweza pia kuonyeshwa Nikon D610, ambayo ina sensa kubwa nzuri sana, lakini fokasi yake inaishia EV -1, na kwa kumbi zenu nisingependa uikimbilie kabla ya hizo mbili. Akionyeshwa D600 aiache. Kamera hiyo ya mwaka 2012 ilijulikana kwa kurundika vidoa vya vumbi na mafuta kwenye sensa, Nikon ikalazimika kutoa huduma ya kuitengeneza bure, na huwezi kujua dukani kama hiyo uliyoishika ilipitia huduma hiyo.

Kati ya 6D na D750 kuna tofauti nyingine mbili zinazohusu kazi yako moja kwa moja. D750 ina nafasi mbili za kadi, kwa hiyo kila picha inaweza kuandikwa mara mbili kwa wakati mmoja, na kadi ikifa usiku wa harusi ya mtu hujapoteza kitu. 6D ina nafasi moja. Ukiichukua, badilisha kadi katikati ya shughuli hata kama ya kwanza haijajaa, na nakili zote kwenye kompyuta usiku huo huo kabla ya kulala. Picha za wanawake waliovua mitandio wakiwa peke yao ni amana, mwalimu, na wateja wako wanakuita wewe kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mlango wa Wi-Fi uliomo kwenye kamera zote mbili uuzime ukiwa kazini, na kadi zenye picha hizo usimwachie mtu wa duka la kusafisha picha akazinakili bila wewe kuwepo. Kwa upande mwingine, 6D ina namna ya kufyatua kwa utulivu ambayo sauti yake ni ndogo sana, na kama utaitwa kwenye maulidi au wakati wa dua, utaithamini.

Kama moyo wako haukubali kununua kitu kilichotumika na unataka sensa ndogo yenye waranti ya duka, basi usijifunge na 2000D. Tafuta Nikon D5600, au D7200 ukiipata, na uiwekee lenzi ya Nikon DX 35mm f/1.8G. Naitaja 35 na siyo 50 kwa sababu kwenye sensa ndogo ya Nikon picha hukatwa kwa mara 1.5, na lenzi ya 50 huona kama 75. Kwenye vyumba vyembamba vya nyumba za Mji Mkongwe utajikuta umegandana na ukuta na bibi harusi bado hajaenea. Canon kwa sensa yake ndogo haina lenzi rahisi ya namna hiyo yenye f/1.8. Ile ya 24mm ina f/2.8, ambayo ni pungufu kwa mwanga zaidi ya mara 2. Angalia pia kwamba lenzi ya Nikon imeandikwa AF-S, kwa kuwa D5600 haina mota ya fokasi ndani ya bodi, na lenzi za zamani zilizoandikwa AF tu, kama 50mm f/1.8D, zitakulazimisha uzungushe kwa mkono.

Ukishapata lenzi ya f/1.8, usiiache f/1.8 usiku kucha. Kwenye sensa kubwa, ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu ukiwa na lenzi ya 50, sehemu iliyo kali mbele na nyuma ya mahali ulipolenga haizidi sentimita 17 au 18. Inatosha kwa uso mmoja, na inapendeza, kwa sababu mapambo ya nyuma yanayeyuka kuwa madoa ya rangi. Lakini bibi harusi akizungukwa na mashangazi na mawifi katika safu mbili, safu ya nyuma yote itatoka na ukungu. Kwa picha za kundi rudi nyuma, funga hadi f/4 au f/5.6, na mwanga uliopotea ulete kwa flashi.

Flashi iliyokuharibia picha ni ile iliyomo kwenye kamera, na kosa lake ni mahali ilipo. Iko karibu mno na lenzi, inampiga mtu usoni moja kwa moja, na nguvu yake inaisha kabla ya kufika ukuta wa nyuma. 6D haina flashi ya ndani kabisa, na kwa hilo sioni hasara. Nunua flashi ya kuchomeka juu yenye kichwa kinachozunguka, kwa mfano Godox TT685, ukichagua iliyotengenezwa kwa Canon au kwa Nikon kulingana na bodi, kisha ukielekeze kichwa hicho kwenye dari nyeupe au ukuta mweupe ulio nyuma yako. Mwanga utarudi umetanuka na laini, na jasho halitang'aa. Weka kamera kwenye ISO 1600 au zaidi na kasi ya 1/60 au 1/100, ili mwanga wa ukumbi wenyewe nao uingie na lile giza la nyuma litoweke. Chini ya hema uwe mwangalifu, kwa sababu kitambaa cha kijani au chekundu hurudisha mwanga wa rangi yake na nyuso zote zitachukua rangi hiyo. Hapo tafuta ukuta wa nyumba, au mpe mdogo wako ashike shuka jeupe pembeni.

Ile mistari ya giza iliyokutisha si ubovu wa kamera uliyoazima. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi za mirija na za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde, haraka kiasi kwamba jicho halioni. Shata, lile pazia lililo mbele ya sensa, ikienda kasi hufunguka kama mwanya mwembamba unaopita juu ya sensa, na kila sehemu ya picha hupata kipande tofauti cha mpepeso huo. Ukitumia 1/100 au 1/50 ya sekunde, kila sehemu hupata mzunguko kamili na mistari hupotea. Kwa bibi harusi aliyeketi na kwa watu wanaozungumza, 1/100 itakutosha, na ile 1/250 iache kwa wakati wa ngoma peke yake, ukipiga picha kadhaa mfululizo ili upate zilizo salama. Taa za mapambo zinazobadilika rangi zina mpepeso wao usiofuata umeme wa ukutani, na kwa hizo jaribu kasi tofauti kabla wageni hawajajaa.

Taa hizo hizo zina tatizo la pili, nalo ni rangi. Mwanga wa buluu mtupu hujaza sehemu ya buluu ya picha hadi ikapasuka, huku nyekundu, ambayo ndiyo inayobeba sura ya ngozi zetu, ikibaki karibu tupu. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera, na siyo JPEG, picha iliyokwisha kubanwa, peke yake. Faili ya RAW ya kamera hizi huhifadhi hadi biti 14, yaani viwango 16,384 kwa kila rangi, wakati JPEG ina 256 tu, na tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kurudisha rangi ya uso nyumbani. Programu huna haja ya kuinunua mwanzoni, kwa kuwa Canon hutoa Digital Photo Professional bure na Nikon hutoa NX Studio bure. Kadi ya GB 64 hubeba picha za RAW zaidi ya 2,000 za 6D, kwa hiyo nafasi si hoja. Hata hivyo, kilichopasuka hakirudi. Tazama ile grafu ya rangi tatu kwenye kioo cha kamera, na ukiona buluu imegonga ukuta wa kulia punguza mwanga. Na uzungumze mapema na mpambaji. Mwombe awashe taa nyeupe au za njano kwa dakika 10 wakati bibi harusi anapoingia na wakati wa kukata keki. Wengi hukubali wakielezwa kwamba hata mapambo yao yatatoka vizuri zaidi.

Mwenzako anayesema DSLR zimepitwa na wakati ana ukweli wake. Canon na Nikon hazijatoa muundo mpya wa DSLR tangu mwaka 2020, nguvu zao zote zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na mtu mwenye akiba mara tatu ya yako ningemwelekeza huko bila kusita. Lakini kwa sababu wataalamu wengi wamehama, bodi walizoziacha zimeshuka bei hadi kumfikia mwalimu wa skuli ya msingi, na picha zinazotoka humo ni zile zile zilizokuwa zikiuzwa kwa fedha nyingi miaka kumi iliyopita. Lenzi yako ya Canon EF itaweza kuhamia kwenye kamera za EOS R, zile zisizo na kioo, kwa adapta, ikiwa na fokasi yake kamili, na ya Nikon AF-S itahamia kwenye kamera za Z vivyo hivyo. Zaidi ya hayo, betri ya DSLR hudumu. Kwa vipimo rasmi 6D hupiga picha 1,090 kwa betri moja na D750 hupiga 1,230, na ukiwa kwenye kesha ambalo umeme umekatika hilo si jambo dogo.

Adui mkubwa wa kamera yako hapo Unguja atakuwa unyevu. Kuvu huota ndani ya vioo vya lenzi kama nyuzi za utando wa buibui, ikishakomaa hula hata utando wa kinga wa kioo, na gharama ya kusafisha inaweza kukaribia bei ya lenzi yenyewe. Usiihifadhi kamera ndani ya begi kabatini. Iweke kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika jeli ambavyo utavikausha kila vinapolowa, na kama utapata kipima unyevu kidogo lenga asilimia 40 hadi 50. Ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa kwanza, la sivyo umande utatanda juu ya kioo na ndani yake.

Kuhusu mjomba, mtumie maelekezo haya kabla hajapanda ndege. Aende dukani na kadi yake na tochi. Kama bodi inauzwa pamoja na lenzi, aimulike kutoka nyuma akitafuta nyuzi za kuvu, na atazame skrubu za chini ya kamera na reli ya flashi, kwa sababu kutu hapo ni dalili kwamba kamera imeishi karibu na bahari. Apige picha ya karatasi nyeupe kwa f/16, aikuze, na ahesabu madoa. Vumbi husafishwa, mikwaruzo haisafishwi. Aulize idadi ya mifyatuo. Shata ya 6D imepimwa kwa mifyatuo 100,000 na ya D750 kwa 150,000, kwa hiyo bodi iliyokwisha kupita nusu ya hapo ishushwe bei, na iliyokaribia kikomo aiache. Kwa Nikon hesabu hiyo imeandikwa ndani ya maelezo ya picha yenyewe, lakini kwa 6D inahitaji programu na waya wa USB, na muuzaji anayekataa kuionyesha aachwe na kamera yake. Aingie kona yenye giza dukani na ajaribu fokasi kwa nukta ya katikati. Mwisho aangalie kwamba betri ni ya Canon au Nikon yenyewe, chaja ipo, na risiti imeandikwa namba ile ile iliyochongwa chini ya bodi, na muuzaji akubali kwa maandishi kuirudisha kabla mjomba hajaondoka mjini. Lenzi yako ya 50 inunuliwe mpya.